"Homoni zangu zimevurugika, nimeuziwa boksi tatu za dawa. Nianze kumeza?"

Dada, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nina miaka 31, ndoa yangu inaingia mwaka wa nne na bado hatujapata mtoto. Mwanzoni tulikubaliana tujipange kwanza, nikawa nachoma sindano ya miezi mitatu. Ya mwisho nilichoma Machi mwaka jana. Siku zangu zilipotea kabisa, zikaja kurudi Novemba, na tangu hapo zinakuja kila baada ya siku 34, 35, mara nyingine 36. Mimba hakuna.

Mume wangu ni dereva wa lori, anapiga safari za Lubumbashi. Akiwa nyumbani tuko vizuri tu. Presha inatoka kwa mama mkwe. Simlaumu, ananipenda, lakini kila akija ananiangalia tumbo kabla hajanisalimia. Mwezi uliopita alinipa nauli kwa mkono wake, akasema, "Nenda kapime mwanangu, tujue moja."

Nikaenda kwenye kliniki moja iliyokuwa inatangaza kifurushi cha homoni kwa sh 180,000. Nilikuwa siku ya tano ya hedhi, namalizia. Bajaji iliharibika njiani, nikakimbia kipande kilichobaki, nikafika natweta. Halafu dada wa maabara alinichoma mara tatu ndipo akapata mshipa. Jioni wakanipa karatasi. FSH 6.1, LH 5.4, TSH 2.3, AMH 2.6, hizo hazikuwa na alama. Projesteroni 0.5 ilikuwa na herufi L pembeni, na prolaktini 33 ilikuwa na H. Aliyenisomea majibu alisema nina mvurugiko wa homoni, mayai hayapevuki, kizazi ni kichafu, na kwamba mzunguko wa siku 35 ni tatizo, inatakiwa iwe 28. Nikauziwa boksi tatu: ya kubalansi homoni, ya kusafisha kizazi na ya kuzibua mirija, jumla sh 350,000. Nimelipa nusu. Sijaanza kumeza, na mume hajui.

Rafiki yangu kaniambia prolaktini ndiyo homoni ya maziwa, kwa hiyo niwe najiminya chuchu nione kama yanatoka. Naminya kila siku nikioga, sioni kitu. Ndevu sina, chunusi za kawaida tu. Kuna mengine sijui kama yana maana: kabla sijaolewa niliwahi kuumwa sana tumbo la chini, nikawa natokwa na uchafu wenye harufu, nikaambiwa ni PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija. Nilipewa sindano na vidonge, vidonge sikumaliza. Na kwa sasa natumia vidonge vya kuotesha nywele na kucha, maana nywele zilikuwa zinakatika.

Nianze hizo boksi? Nirudie vipimo? Na mume naye apimwe? Nitamwambiaje?

Fundi, Makambako

*

Marahaba, mdogo wangu.

Boksi zisifunguliwe. Nusu iliyobaki usilipe, na kama wanakubali kupokea mzigo ambao haujaguswa, rudisha wiki hii hii. Mengine tuyachambue taratibu, kwa sababu barua yako ina mambo mawili yanayonishughulisha kuliko hizo herufi mbili, na inaonekana pale kliniki hakuna aliyekuuliza hata moja.

Tuanze na hiyo L iliyokutia hofu. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mtu wa maabara, kwa hiyo najua inavyotokea. Mashine inapima damu, inatoa namba, na kompyuta inailinganisha na kiwango ilichowekewa. Namba ikiwa chini, L inajichapa. Ikiwa juu, inajichapa H. Mashine haijui kama uko siku ya tano au ya ishirini na nane. Anayetakiwa kujua ni binadamu, ndiyo maana fomu ya kuombea vipimo ina mstari wa kujaza tarehe uliyoanza hedhi ya mwisho. Huo mstari nimeuona mtupu mara nyingi mno. Wako ama ulikuwa mtupu, ama ulijazwa na hakuna aliyeusoma.

Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka. Pale yai lilipochomoka kwenye ovari panabaki kijifuko cha rangi ya njano, na hicho ndicho kinachomwaga projesteroni kwa muda wa kama wiki mbili. Yai likiwa bado halijatoka, kijifuko hakipo, na projesteroni huwa iko chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 35 aliye siku ya tano, 0.5 ndiyo namba ninayotegemea kuikuta. Ingesoma 8 ndipo ningeshtuka. Walichokufanyia ni sawa na kumpima shibe mtu aliyefunga, saa tisa alasiri ya Ramadhani, kisha kumwandikia kwamba ana utapiamlo.

Kwa hiyo karatasi yako haijasema kwamba mayai hayapevuki. Wala haijasema kwamba yanapevuka. Iliulizwa siku isiyo yake.

Siku yake ni ipi? Utasikia "siku ya 21", na hata baadhi ya waganga huiandika hivyo kwa kila mwanamke anayeingia mlangoni. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kanuni yenyewe ni siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Tuseme umeanza hedhi tarehe 3 Oktoba. Kwa mzunguko wako wa siku 35, nyingine unaitegemea tarehe 7 Novemba, kwa hiyo projesteroni unapima tarehe 31 Oktoba. Siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu. Ukifuata hesabu ya siku ya 21 ungeenda tarehe 23, wakati yai lako huenda bado halijatoka. Ungerudi na L nyingine, na boksi ya nne.

Ukishapima, usiikunje karatasi ukaisahau. Subiri hedhi ije, uandike tarehe yake juu ya hiyo karatasi. Ikija kama siku tano hadi tisa baada ya kipimo, ulilenga sawasawa. Ikija baada ya wiki mbili, uliwahi mno, na namba ya chini haina maana. Ukiwa umelenga sawasawa, projesteroni iliyozidi nanogramu 3 kwa mililita inaonyesha kwamba yai lilitoka. Angalia na kipimio kilichoandikwa mbele ya namba: maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, ambako 3 hiyo hiyo inasomeka karibu 9.5. Wanawake wanaopigiana picha za majibu kwenye simu na kulinganisha wanatishana bure kwa sababu hii.

Na hilo la siku 28, samahani, aliyekuambia kakariri. 28 ni wastani wa vitabuni. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 kwa mtu mzima ni wa kawaida, na wako wataalamu wanaofika mpaka 38. Mwanamke ambaye hedhi yake inakuja kwa mpangilio kama wako, 34 au 36 bila kurukaruka, mara nyingi yai linatoka. Kipimo cha projesteroni kwako ni cha kuthibitisha tu.

Sasa H. Maabara nyingi huweka kikomo cha prolaktini ya mwanamke asiye na mimba kwenye nanogramu kama 25 hivi kwa mililita. Wewe una 33, yaani imezidi kidogo. Hii ni homoni yenye woga kuliko zote: ukikimbia inapanda, ukichomwa sindano mara tatu inapanda, ukitoka kuamka sasa hivi inakuwa juu, na chuchu zikiguswaguswa inapanda. Kwa hiyo acha kujiminya, tangu leo. Unaitafuta kwa mikono kila ukioga, kisha utaenda kuipima uikute. Dawa pia huipandisha: metoklopramidi wanayopewa watu kwa kutapika, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Hata tezi ya thairodi ikizembea prolaktini hupanda, lakini TSH, ambayo ndiyo kipimo cha tezi hiyo, kwako ni 2.3 na imeshaliondoa hilo.

Kwa hiyo rudia prolaktini peke yake. Nenda asubuhi, saa mbili tatu baada ya kuamka, usiku wake msiwe mmekutana na mume, ufike mapema ukae kwenye benchi kama nusu saa ndipo utolewe damu. Ikisoma kawaida, yameisha. Ikibaki juu, daktari ataendelea nayo, na zipo dawa zake. Uvimbe mkubwa wa kwenye tezi ya chini ya ubongo, ambao najua umeshausoma mtandaoni, kwa kawaida huja na namba za mamia. Ila maziwa yakitoka yenyewe bila kuminywa, hedhi ikikata, au kichwa kikiuma mfululizo huku macho hayaoni vizuri pembeni, usisubiri kurudia kipimo, nenda kamwone daktari.

Hivyo vidonge vya nywele na kucha, soma nyuma ya kopo. Vingi vina biotini nyingi, na biotini hudanganya baadhi ya mashine za kupimia homoni: namba nyingine zinashuka kwa uongo, nyingine zinapanda kwa uongo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi kuhusu jambo hili. Viache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu, na umwambie mtu wa maabara kwamba unavitumia. Hatakuuliza.

FSH na LH, homoni za kutoka kichwani zinazoamsha ovari, zilichukuliwa siku inayofaa, kwa sababu zenyewe hupimwa siku ya pili hadi ya tano, na ziko sawa. TSH iko sawa. AMH hukuihitaji kabisa. Hiyo inakadiria akiba ya mayai, na inamsaidia daktari anayepanga kupandikiza mimba; haitabiri kama mwanamke wa miaka 31 atashika mimba nyumbani kwake. Naona imewekwa kwenye kifurushi kwa sababu inapandisha bei.

Na mtu akikuambia "mvurugiko wa homoni", muulize: ipi, imepanda au imeshuka, na ilipimwa siku ya ngapi? Akishindwa kujibu matatu hayo, ondoka.

Kuhusu boksi nitasema machache. Mirija ikiziba, kinachoziba mara nyingi ni kovu, na kovu haliyeyushwi na unga wa kukoroga kwenye uji. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Hedhi yenyewe ndiyo usafi wake. Na kama ndani ya boksi mojawapo kuna vidude vya kuweka ukeni, hivyo ndivyo vibaya kuliko vyote, vinaweza kukuletea maambukizi ambayo hukuwa nayo. Kama unataka kumeza kitu wakati unatafuta mtoto, meza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, uanze kabla hujashika mimba. Inapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na bei yake haifanani na hizo za boksi.

Haya, sasa yale mawili.

La kwanza ni lori. Mbegu za mwanaume huishi mpaka siku tano hivi ndani ya mwanamke; yai lenyewe huishi kama siku moja. Yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo katika mfano wetu ni kama tarehe 24 Oktoba, na siku zako za kushika mimba ni kuanzia 19 hadi 24. Kwa kuwa mzunguko wako unacheza kati ya 34 na 36, weka 18 hadi 26. Chukua kalenda ya ukutani, uweke alama siku hizo kwa kila mzunguko tangu Novemba, kisha muulize mwenyewe: siku hizo alikuwa wapi? Foleni ya mpakani Tunduma ikikaza, akaja akakutana na ya mpaka wa Kasumbalesa, wewe huku mwezi umepita. Inawezekana ukakuta kwamba katika mizunguko yote hiyo mmepata nafasi ya kweli mara chache sana. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hilo. Muulize kama tajiri wake anaweza kumpangia safari kwa tarehe, hata kwa miezi michache. Akiwa nyumbani, kila baada ya siku mbili inatosha, msigeuze kuwa zamu ya kazi.

Na hiyo sindano ihesabu vizuri. Wanaoacha sindano ya miezi mitatu huchukua kwa wastani kama miezi 10 tangu ile ya mwisho mpaka kushika mimba, wengine zaidi. Haijaharibu chochote, inachelewesha tu. Uliyochoma Machi mwaka jana inakufikisha Januari mwaka huu. Mama mkwe anahesabu tangu harusi. Mwambie hesabu imeanza juzi juzi.

La pili ni hiyo PID uliyoiandika mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Kisonono na klamidia vikipanda mpaka kwenye mirija vinaacha makovu, hasa dawa zisipomalizwa. Kifua kikuu nacho hufika huko, kwa hiyo kama umewahi kukiugua, kiseme. Mwanamke anaweza kuwa na homoni safi kabisa, yai linatoka kila mwezi, na njia imefungwa. Kwa kawaida wenzi wa umri wako huambiwa wajaribu mwaka mzima kabla ya kuchunguzwa. Kwa historia yako mimi nisingekuambia usubiri zaidi. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe mjadiliane kuhusu picha ya mirija. Wanapitisha dawa maalumu kwenye mlango wa kizazi huku wanapiga eksirei, kuona kama inapita upande wa pili. Hufanywa hedhi ikishakauka na kabla yai halijatoka. Inauma kama maumivu ya hedhi, wengine zaidi kidogo. Uliza kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza kabla.

Ila kabla ya hiyo, mume. Ndiyo, apimwe, na apimwe kwanza, kwa sababu kipimo chake ni rahisi na hakiumi. Karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Anatakiwa akae bila kutoa mbegu siku mbili hadi saba, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa haijapoa, na isikusanywe kwenye kondomu ya kawaida.

Utamwambiaje? Si siku anaposhuka kwenye lori na vumbi la barabarani. Mwache alale, ale, kisha umwekee karatasi mezani na umwambie yote, pamoja na hela ya boksi, kabla hajaisikia kwa mama yake. Usianze na "na wewe kapime." Mwambie ulichoambiwa hapa: daktari wa uzazi anapokea watu wawili, na faili la mtu mmoja limejaa nusu. Madereva wengi niliowapokea maabara walikuja wenyewe, kimya kimya, mke asijue. Huenda na wa kwako ameshalifikiria.

Naomba nichepuke kidogo, maana kifurushi hiki hiki wanauziwa na mama zetu. Mwanamke aliyepita miaka 45, hedhi zinaruka, joto linampanda usiku, kwa kawaida hahitaji kupimwa FSH kuambiwa kwamba anakaribia kukoma hedhi. Namba yake leo iko juu, mwezi ujao iko chini. Umri na dalili vinatosha. Mabinti, ni tofauti: hedhi ikipotea miezi mitatu bila mimba, au ikija kwa nadra huku ndevu zinaota kidevuni, hapo homoni zipimwe, na daktari ndiye achague zipi.

Wewe mdogo wangu, karatasi yako usiitupe. Beba na kalenda, na jina la dawa ulizopewa za PID kama unazikumbuka. FSH, LH na TSH hazina haja ya kurudiwa sasa, kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia kifurushi kizima upya, mwonyeshe.

Jambo moja la kukumbuka kwa mwenye historia kama yako: siku hedhi ikichelewa, pima mkojo mapema, na ukiwa na mimba wahi kufanya utrasaundi kuona imekaa wapi, kwa sababu mirija yenye kovu huweza kuishikilia nje ya kizazi. Ukisikia maumivu makali upande mmoja, damu ikitoka, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mume yuko Kasumbalesa.